Uzoefu wangu na apt autoremove: inasafisha kweli, ila usikimbilie kubonyeza Y

Nina steshonari ndogo hapa Mafiat, Mbeya. Kompyuta ya kuchapia inatumia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, na kwenye diski ya GB 120 Linux niliigawia GB 30 tu. Ubahili wangu mwenyewe. Juzi mwanafunzi kaleta ripoti yake ya fildi kwenye flashi, nabonyeza kuchapa, mashine imegoma. Nikaandika df -h: diski imejaa asilimia 100.

"Subiri kidogo mdogo wangu," nikamwambia, nikaandika sudo apt autoremove (sudo ni kutoa amri kwa mamlaka ya msimamizi). Kazi yake ni kuondoa vifurushi vya programu vilivyoingia kwa kufuatana na programu nyingine na sasa havina anayevihitaji, pamoja na kerneli za zamani, yaani viini vya mfumo wenyewe. Kerneli unayoitumia haiigusi. Ikashusha orodha ndefu, ikauliza Y au n. Kidole kiko juu ya Y, jicho likanasa simple-scan katikati ya orodha. Jamani, hiyo ndiyo ninayoskania vyeti vya watu! Iliingia ikiwa imebebwa na kifurushi nilichokwisha kukitoa, basi mfumo ukaihesabu yatima. Nikajibu n, nikaandika sudo apt-mark manual simple-scan ili mfumo uihesabu kuwa nimeiweka mwenyewe, nikarudia. Safari hii haikuwemo.

Ilirudisha GB 1.3. Nikaongeza sudo apt clean, inayofuta mafaili ya kusakinishia programu (.deb) yaliyorundikana /var/cache/apt/archives, nikapata MB 700 nyingine.

Lakini mzigo wenyewe ulikuwa kwenye snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu, na huko autoremove haifiki kabisa. Snap hubakiza toleo la nyuma la kila programu ili likiharibika jipya urudi la zamani. Ukiandika snap list --all utayaona yameandikwa disabled. Niliyatoa moja moja kwa sudo snap remove, jina la programu, kisha --revision= na namba yake. Inachosha, ila zilitoka GB 3 na ushee, bila kula hata chembe ya bando.

Wanaosema kompyuta itakuwa nyepesi, mimi sijauona huo wepesi. LibreOffice inafunguka kwa mwendo wake uleule wa asubuhi ya baridi. Ulichopata ni nafasi tu.

Autoremove naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama orodha ingeeleza kila kifurushi kinaondolewa kwa sababu gani. Mwanafunzi alichapiwa kurasa zake 42, halafu akadai punguzo kwa kusubirishwa. Nikampa.