REDCap, R na DHIS2 kufanya kazi pamoja: uzoefu wangu

Mpangilio ninaoutumia ni huu: dodoso linajazwa kwenye REDCap (programu ya kukusanya data za utafiti), R (lugha ya kuchakata data) inavuta data kwa API, yaani njia ya programu kuzungumza na nyingine, inasafisha na kujumlisha, kisha jumla za kila wiki zinapelekwa DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya). Nimeridhika nao. Skripti yenyewe si ndefu. Kazi kubwa ni kukubaliana misimbo kabla dodoso halijaanza kutumika, na hilo likiachwa hakuna programu itakayoliokoa.

Anza na vituo. DHIS2 inakitambua kila kituo kwa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na herufi kubwa na ndogo hazilingani. Dodoso likiruhusu jina la zahanati kuandikwa kwa mkono, zahanati moja itapata majina matano. Weka orodha ya kuchagua yenye msimbo rasmi wa kituo. Kwa Kenya ni ule wa orodha kuu ya vituo. Kama misimbo hiyo imo pia kwenye seva ya DHIS2, tuma ukiongeza kigezo orgUnitIdScheme=code, kinachoiambia DHIS2 itambue kituo kwa msimbo, na huhitaji jedwali la tafsiri.

Kwenye R natumia redcap_read ya kifurushi cha REDCapR. Namba za washiriki zitangazwe kuwa maandishi kupitia col_types, usiiachie R ikisie aina ya safu: 007 ikigeuka 7 popote njiani, haioani tena na majibu ya maabara. Usipitishe faili kwenye Excel njiani. Sifuri za mbele hupotea hukohuko.

Hatari zaidi ni maswali ya kuweka tiki. Swali la dalili linagawanyika kuwa dalili___1, dalili___2 na kuendelea, kila safu ikiwa na 0 au 1. Kwa kawaida fomu ambayo haijaguswa kabisa nayo hutoka na 0, hivyo mgonjwa ambaye hajaulizwa anahesabiwa kuwa hana homa. Chuja kwanza kwa safu ya hali ya fomu, ile inayoishia na _complete, ubaki na zenye 2 tu.

Wiki nazo zina mtego. DHIS2 inataka 2025W1, wiki ikianza Jumatatu. Tarehe 31 Desemba 2024 imo ndani ya wiki hiyo ya kwanza ya 2025. Ukichukua year pamoja na isoweek za lubridate (kifurushi cha R cha tarehe) utapata 2024W1, na wagonjwa wa mwisho wa Desemba watatua Januari ya mwaka uliopita bila kosa lolote kuonyeshwa. Tumia isoyear badala ya year.

Kabla ya kutuma kwenye dataValueSets, anwani ya DHIS2 ya kupokea data, tuma kwanza kwa dryRun=true, yaani jaribio lisilohifadhi kitu, kisha usome importCount, muhtasari wa matokeo. Kinachonihusu zaidi hapo ni ignored, idadi ya thamani zilizoachwa. Mara nyingi zilizoachwa ni thamani za 0: DHIS2 haihifadhi 0 mpaka kipengele cha data husika kiwekewe ruhusa ya kuhifadhi sifuri. Kwa ufuatiliaji wa kipindupindu hilo ni jambo zito, kwa sababu kituo kilichoripoti kwamba hakina mgonjwa kinaonekana sawa na kituo kilichokaa kimya. Mwombe msimamizi wa seva awashe ruhusa hiyo mapema.

Tokeni ya REDCap, msimbo wa siri unaoifungulia R API, ina nguvu ya nywila. Iweke kwenye .Renviron, faili la mipangilio ya R kwenye kompyuta yako, isiingie Git, mahali skripti zinapotunzwa na kushirikishwa. Na ukiona safu za majina hazipo, angalia haki zako za kuhamisha data kabla ya kulaumu skripti: API huziacha kimyakimya.