Barua ya kukubali ajira: steshenari za karibu na Nyerere Square, Dodoma

Kwa uchapaji, hazina shida: herufi safi, karatasi ya A4 isiyo na madoa, PDF inatumwa WhatsApp papo hapo. Tatizo ni ile barua ya mfano iliyolala kwenye kompyuta. Wanabadilisha jina na tarehe tu, kichwa kinabaki "YAH: MAOMBI YA KAZI", wakati wewe kazi umeshapewa! Kiandikwe "YAH: KUKUBALI AJIRA", na juu yake Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu) ile ile iliyo kwenye barua ya mwajiri, la sivyo masijala watahangaika kutafuta faili.

Aya ya kwanza itaje cheo, mshahara na siku ya kuripoti. Andika kama ni mshahara ghafi, maana michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi ya PAYE bado havijakatwa. Hapo wachapaji wengi huweka "mshahara mliotaja", jambo ambalo halimsaidii mtu ubishi ukitokea. Kama saa au kituo cha kazi havikutajwa, viulizie humo humo kwa adabu. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, 2004, kinataka viwe kwa maandishi.

Nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Nyota tatu kati ya tano.