Hema la turubai la kulala na mbwa: nimelijaribu nyika ya Taru na milima ya Taita

Wenzangu mnaofuga mbwa hapa Mombasa, hasa nyinyi mnaoniuliza kila nikirudi safari vile nalala porini na mbwa wawili ndani ya hema moja, nimeona niandike hapa mara moja manake kwa simu haimaliziki. Hema lenyewe halina jina la kampuni. Limeshonwa na fundi wa turubai upande wa Changamwe, wale wanaoshona vifuniko vya malori na mahema ya harusi na matanga, na nishalilalia safari mbili, Februari kwenye joto la kaskazi kule nyika ya Taru na Agosti kwenye baridi ya Taita juu. Neno langu ni hili, kama walala na mbwa achana na tenti ya nailoni, nenda kashonewe.

Nasema hivo juu nishapoteza pesa. Ya kwanza niliinunua dukani elfu nane na mia tano, nyepesi, nzuri ya kuangalia, imeandikwa ya watu wanne. Usiku wa kwanza tu karibu na Maungu fisi akalia huko mbali, Rasi (huyu ni dume, kachanganya Jaman shepadi na koko wa Bamburi) akaruka kutoka usingizini na zile kucha za nyuma zikafungua sakafu kama futi nzima, alafu Kahawa, mbwa wangu wa pili, naye kufika asubuhi kashautoboa wavu wa mlango kwa pua akitaka kuona kuna nini nje. Nilishona kwa sindano ya viatu, nikabandika selotepu, safari iliyofuata ikaisha kabisa. Mbwa hakuwa na kosa hapo. Kile kitambaa hakikutengenezewa mwenye kucha.

Sasa fundi. Nilimwendea nikamwamkia, nikamwambia mzee nataka hema la kulala mimi na mume wangu na mbwa wawili. Akanyamaza kidogo, alafu swali alilouliza sijawahi kuulizwa na muuza duka yeyote: "Wakilala wajikunja ama wajinyosha, mwanangu?" Nikamwambia sijaangalia. "Basi enda kawapime wakiwa wamelala, usiwapime wamesimama. Na usiniletee hapa tafadhali, hapa naswali, wewe niletee vipimo tu." Alisema kwa upole na mimi nikaona ni haki yake kabisa, mtu ana sehemu yake ya ibada na lazima aitunze. Usiku huo nikangoja walale, nikapita na futi kamba na tochi ya simu. Rasi akijinyosha kutoka pua hadi vidole vya nyuma ni futi nne na nusu, Kahawa anajikunja, futi mbili na kitu tu. Niliporudi na ile karatasi mzee akachukua chaki akachora kwenye simiti pale dukani, mraba mkubwa, ndani yake watu wawili, alafu mstari mrefu wa Rasi na duara la Kahawa, akasimama katikati akazunguka mwenyewe kuona kama mtu anaweza kupita kwenda nje usiku bila kumkanyaga mtu wala mbwa. Hapo ndo nilijua nimefika kwa fundi.

Lilivyo ni hivi. Kuta na paa ni turubai la pamba, lile zito la kijani, sio la plastiki. Sakafu ndo ya plastiki nene ile ya malori, na imepanda ukutani kama shubiri moja pande zote, kwa hivo ni kama beseni, maji ya chini hayaingii na mdudu hana pa kupenyea. Mbele kuna ukumbi mdogo, futi tano kwa nne, hapo ndo wanalala mbwa, kuna mlango wa wavu na mlango wa turubai juu yake, na wavu wenyewe sio wa chandarua, ni ule mgumu wa madirishani. Juu ya yote kuna turubai la pili linaloacha nafasi ya shubiri kati yake na paa. Uzi nilimuona akiupitisha kwenye kipande cha nta kabla ya kuuingiza kwenye cherehani. Vigingi na nguzo tulienda kwa jamaa wa kuchomelea, vigingi ni nondo zilizokatwa na kupindwa kichwa. Turubai na ushonaji ilikuwa elfu kumi na tisa, chuma elfu mbili na mia nne. Aliniambia Ijumaa, ikaja kuwa Ijumaa ya tatu, na kila nikipiga simu ni "kesho inshallah", hilo lilinikera sana manake nishaomba ruhusa kazini, nikabadilisha tarehe mara mbili.

Siku ya kulichukua akanishika mkono, "Usilitumie hivi hivi. Lazima ulinyweshe maji kwanza." Sikuelewa. Akanieleza pamba ikinywa maji nyuzi zinavimba zinaziba yale matundu ya sindano, ukiliacha kavu mvua ya kwanza itakuingilia kwenye kila mshono. Nikalisimamisha uani, nikalimwagia kwa mpira mpaka likatota, likakauka na jua, nikarudia tena mara mbili. Mara ya kwanza kweli lilivuja kwenye mishono yote, mara ya tatu hata tone. Watu wengi hapa ndo wanakosea, wanaenda na hema jipya alafu wanamlaumu fundi.

Taru tulitoka saa kumi alfajiri, hema kwenye keria ya Probox, mbwa nyuma viti vimelazwa. Hii ni muhimu, uwe ushapita Mariakani na Samburu kabla jua halijakolea. Mackinnon Road pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali madereva wengi husimama watoe sadaka, sisi kwa heshima hatukusimama na mbwa pale, tulisogea mbele ndo wakashuka wakanywa maji. Tulilala kwa mwenyeji wetu upande wa Maungu, ndani ya ua wa miiba. Na hapa niseme wazi, msijaribu kwenda na mbwa kwenye geti la Tsavo, ndani ya mbuga mbwa haruhusiwi, na ile barabara yapita karibu na Tsavo, ndovu na simba wanavuka, kwa hivo bila mwenyeji na ua usilale na mbwa kule hata kama una hema la chuma.

Mchana wa Taru sina hema la kuusifu. Saa nane ndani ya hili langu hakukaliki, hata na lile turubai la pili juu. Tofauti niliyoiona ni kwamba tukiinua kuta pande mbili na kuacha paa tu upepo unapita kati ya maturubai mawili na kivuli chake ni kizito, sio kile cha nailoni ambacho jua linakupata vilevile. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ana nyayo tu na ulimi, anapoa kwa kuhema, na joto lake la kawaida ni kama digrii 38 na nusu hivi, likivuka 40 ushaanza kuingia kwa hatari. Rasi na manyoya yake alianza kuhema kwa nguvu, ulimi umepanuka mwisho umekuwa kama kijiko, masikio ndani mekundu, nikamlowesha tumbo na nyayo na mapajani kwa ndani, nikampepea na kifuniko cha sufuria, ikachukua kama dakika ishirini akatulia. Maji tulibeba mitungi miwili ya lita ishirini na mbwa peke yao walimaliza karibu lita saba kwa siku moja. Kutembea ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, weka kiganja chako juu ya mchanga, kama huwezi kukiacha hapo basi na yeye hawezi kuukanyaga. Babu zetu waliopita hapo na misafara kwa miguu waliiogopa nyika hii kwa sababu ya maji na nilipokuwa nimekaa chini ya lile turubai nikiangalia mtungi ukishuka niliwaelewa.

Usiku ndo hema lilinionesha thamani yake. Upepo ulikuja na vumbi jekundu, vile vigingi vya nondo kwenye ardhi ile ngumu havikutikisika hata kimoja. Fisi akalia tena. Rasi akaruka vilevile kama siku ile, nikasikia kucha zikikwaruza sakafu, moyo ukanipasuka, nikamulika tochi. Mikwaruzo minne myeupe kwenye plastiki, basi. Nimeipitisha kidole, haijaingia hata nusu. Asubuhi tulipoinua sakafu chini yake kulikuwa na nge wawili, na ndani hatukuona hata mmoja. Kupe hilo ni jambo jingine, hema haliwazuii, wanakuja na mbwa mwenyewe, kila jioni nawapekua masikioni na katikati ya vidole kabla hawajaingia.

Kilichoharibika Taru ni zipu ya ukumbi. Vumbi lile jekundu liliingia kwenye meno ikakwama nusu, saa tano usiku mbwa wataka kutoka na mlango haufunguki. Nilisugua mshumaa juu na chini ikaachia, tangu hapo natembea na kipande cha mshumaa, lakini zipu yenyewe ni ndogo, fundi aliweka ya kawaida pale panapohitaji ile kubwa ya meno mapana.

Taita ni mambo mengine kabisa. Ukitoka Mwatate kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona, Kahawa alitapika mara mbili, kwa hivo msiwalishe asubuhi ya safari. Tulipiga kambi pembeni mwa shamba la mwenyeji si mbali na msitu wa Ngangao, na kabla hajatuonesha pa kulala aliomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akaisoma tarehe kwa makini, nikampenda kwa hilo. Mbwa walikaa kwenye mnyororo muda wote, juu misitu ile imebaki vipande vidogo na kuna ndege wa Taita, yule mwenye kichwa cheusi anayeitwa Taita thrush kwa Kizungu, ambaye hapatikani kwingine duniani na kazi yake ni kuchakura majani chini ardhini, mbwa mmoja asiye na mshipi anaweza kumaliza kizazi asubuhi moja.

Ukungu ulishuka saa kumi na mbili na haukuondoka mpaka saa nne siku ya pili. Ile tenti yangu ya zamani kwenye hali kama hiyo ilikuwa inatutiririkia pumzi zetu wenyewe usoni, hili turubai linapumua, ndani kukavu. Lakini kuna kitu fundi hakuniambia na nilikigundua saa nane za usiku, turubai la pamba likiwa limelowa nje ukiligusa kwa ndani maji yanaanza kupita pale pale ulipogusa. Sasa mtu unaweza kujizuia, mbwa je? Rasi analala ameegemeza mgongo ukutani, hiyo ndo raha yake, na asubuhi mgongo wote na nusu ya blanketi vimelowa. Usiku wa pili niliweka magunia mawili yaliyojazwa nyasi kavu kati yake na ukuta, akaegemea gunia, tatizo likaisha. Kahawa ana manyoya mafupi ya pwani, alitetemeka mpaka nikamfunga leso kuukuu juu ya blanketi, akalala.

Kitu kingine cha baridi ni kamba. Zile alizoniwekea ni za katani, zikilowa zinajivuta, kama hujazilegeza kabla ya kulala zinavuta hema mpaka linalia. Mimi sikulegeza. Ringi moja ya kona, ile ya chuma ya kufungia kamba, ikang'oka na kipande cha turubai. Nusu ya hilo kosa ni langu, nusu ni lake kwa kutoweka kipande cha ngozi nyuma ya ringi.

Nilimrudishia. Sitaki kumnyima sifa yake, aliiangalia ile kona akasema "hapa nilifanya haraka," akaweka ngozi kwenye kona zote nne bila kuniomba shilingi, zipu kubwa nikalipa mia sita. Lile doa la kuvu nyeusi karibu na dirisha halina uhusiano na yeye, nililikunja likiwa na unyevu nikaliacha siku mbili kwenye gari, halitoki. Mkirudi hata kama ni usiku wa manane lianikeni.

Uzito pia muujue, pamoja na chuma ni kilo 23, nililipimia kwa muuza mchele. Kama huna gari au unataka kupanda mlima Vuria kule Taita na hema mgongoni, hili sio lako. Na kulisimamisha ni watu wawili, dakika arobaini, mbwa wamefungwa pembeni wakilia.

Kwa sasa nimemwagiza kitu kimoja tu zaidi, pindo la turubai la kushusha juu ya wavu wa ukumbi kwa ndani, upande wa chini, pale kimo cha macho ya mbwa, manake Wundanyi kila mwenye kupita njiani na taa alfajiri Rasi alimuona na kijiji kizima kikaamka naye. Vipimo nishampelekea. Ameniambia Ijumaa.