Full Thrust: vita ya manowari za anga kwenye meza ya kulia

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo sikuletei simu wala spika. Hapa mezani nina karatasi, dadu, rula na vizibo vya soda, na mchezo ninaoupenda kwa dhati: Full Thrust. Ni vita ya manowari za anga inayochezwa mezani kwa vyombo vidogo vidogo. Ulitungwa Uingereza na Jon Tuffley wa Ground Zero Games, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kampuni yenyewe imeziweka kanuni zake mtandaoni, unapakua bure. Bei ni bando lako na hela ya kutoa kopi.

Ijumaa jioni tuliucheza hapa Area C, Dodoma, marafiki wanne, karanga na zabibu pembeni. Ngoja niwaambie kwa nini hakuna aliyetaka kuondoka.

Angani hakuna breki. Chombo kikiwa na mwendo wa 10, yaani inchi 10, raundi hii, raundi ijayo kinaondoka na 10 ileile, labda uwashe injini. Injini yenye nguvu 4 inakupandisha hadi 14 au inakushusha hadi 6. Kona nayo inakula nguvu hiyohiyo, na hairuhusiwi kula zaidi ya nusu. Ukitumia mbili kugeuka, umebakiwa na mbili za kuongeza au kupunguza mwendo. Sasa hayo yote unayaandika kwa siri! Kila mtu anaficha karatasi yake, kisha zinafunuliwa na vyombo vyote vinasogea pamoja. Mwenzangu aliamini nitakata kushoto, akageuza kikosi kizima kuniziba. Mimi nilikuwa nimenyoosha. Tukapishana, kila mmoja kampa mwenzake kisogo, na sebule nzima ikapiga kelele. Kwenye drafti mmoja anafikiri wengine wanangoja. Hapa wote mnaumiza kichwa kwa wakati mmoja, na kwa jioni ya marafiki hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Kupiga ni rahisi. Silaha ya miale ya daraja la 3 inarusha dadu tatu ndani ya umbali wa inchi 12, mbili hadi 24, moja hadi 36. Moja mpaka tatu umekosa, nne na tano ni pigo moja, sita ni mapigo mawili. Mwenye ngao ya daraja la kwanza anaifuta ile nne. Ni dadu za kawaida, zile za ludo.

Ila uhondo uko kwenye kuumia. Kila chombo kina visanduku vilivyopangwa kwa mistari, kila pigo unakata kimoja kwa kalamu, na mstari ukiisha, kila kifaa kinarushiwa dadu. Mstari wa kwanza, sita inakiua kifaa. Wa pili, tano au sita. Injini ikipatwa mara ya kwanza, inabaki nusu ya nguvu. Ikipatwa tena, imezimika. Chombo kinaendelea kuteleza na mwendo wake wa mwisho, silaha bado zinafanya kazi, lakini hakigeuki tena. Inauma kukitazama kikitoka nje ya meza.

Kampuni inauza sanamu za chuma, nzuri kweli, lakini kanuni hazikulazimishi kuzinunua. Sisi tulichora mshale kwenye kila kizibo, kazi ikaenda. Vipimo chukua sentimita badala ya inchi, meza ya kulia inatosha. Kwa ile 36 azima tepu ya fundi cherehani. Na chezeni ndani, madirisha yamefungwa. Upepo wa Dodoma wa jioni mnaujua, utapeperusha amri za watu.

Kasoro ninazoziona ni mbili. Kanuni ziko kwa Kiingereza, hivyo mmoja wenu azisome mapema awafundishe wengine. Pia vyombo vikiwa vingi, hesabu zinachosha na usiku unakwisha. Anzeni na vitatu kwa kila mtu: kimoja kikubwa, viwili vyepesi. Mkishazizoea kona, ongezeni.