Gyokuro pale Uji: chai matone, ila nitarudi

Juzi nilienda Uji, mji huko Japani, kutoka Kyoto kwa treni ni kama nusu saa hivi, nikaingia kwenye kachumba ka chai karibu na mto, jina naliacha maana nina malalamiko kidogo huko mbele. Wanafanya senchado, yaani ile sanaa ya chai ya majani, sio matcha ya unga inayopigwa na kile kifagio cha mianzi mpaka itoe povu. Hapa ni buli, majani na maji basi.

Nikachagua gyokuro, chai ambayo majani yake yanafunikwa kama wiki tatu yasipigwe jua kabla ya kuchumwa. Mama muhudumu akajaza majani kwenye kibuli kidogo kama ngumi ya mtoto, mi nikajua leo tunakunywa mpaka basi. Wapi! Maji yakachemka, akayamimina kwenye chombo cha kupozea, kutoka hapo kwenye vikombe, kila akihamisha joto linashuka mpaka kama digrii 50 hivi, unatia kidole bila shida. Moyoni nikasema huyu mama anachezea maji tu. Akayatia kwenye buli, akafunika, dakika mbili kimya hakuna anayekohoa, alafu akaanza kugawa, huku kidogo kule kidogo anazunguka ili vikombe vyote vipate ukali sawa, na lile tone la mwisho akalisubiri mpaka likaanguka lenyewe.

Kwenye kikombe changu chai ilikuwa imefunika kitako tu. Nikaionja jamani... hiyo sio chai, ni supu! Nzito, ina ladha ya mwani, alafu utamu unabaki kooni muda mrefu wee. Jamaa niliyekuwa naye akaninong'oneza eti amepewa mchuzi wa samaki. Hapo ndo wanakupa kitamu kidogo ule, alafu unakuja mmiminio wa pili kwa maji ya moto zaidi, uchungu unajitokeza, na kwangu huo wa pili ndo uliofunga kazi.

Sasa lawama. Kikombe cha pili hakijakauka tukasogezwa kwenye kabati la mabuli, hili la udongo fulani, lile la fundi fulani, bei usiulize. Na dakika 10 nyuma huyo huyo mama alikuwa anatusimulia habari za Baisao, yule mtawa mzee aliyekuwa anauza chai Kyoto miaka ya 1700, mteja analipa anachotaka, na mwaka 1755 akavichoma moto vifaa vyake visije kuangukia mikono isiyofaa. Nikamwangalia, nikaangalia kabati, nikacheka peke yangu.

Nikanunua majani tu, gramu 50. Nyumbani nikayamwagia maji ya kuchemka kwa haraka zangu, ikatoka chungu kama dawa, kosa langu hilo.

Ukienda tenga muda upite na hekalu la Manpuku-ji, lilianzishwa 1661 na Ingen, mtawa kutoka China, na mle ndani kuna kajumba ka kumkumbuka Baisao. Unashuka Obaku, stesheni moja kabla ya Uji ukitokea Kyoto, ila panda treni ya kawaida, zile za haraka zinapitiliza.