Swichi au macho?

Mjomba wangu, hapa Ngamiani, Tanga, amebakiwa na kidole gumba na macho tu vya kuandikia.

Kwa swichi moja, yaani kitufe cha kubonyeza, mwanga hupita safu kwa safu kwenye kibodi ya skrini. Ukifika kwenye herufi yake, anabonyeza. Ni polepole mno, lakini simu ya Android hupata programu ya kazi hiyo bure. Mwanafizikia aliyepooza, Stephen Hawking, aliandika kwa njia hiyo, akitumia msuli wa shavu.

Dasher, programu ya bure iliyobuniwa Cambridge, huweza kuongozwa kwa macho: herufi zinazotarajiwa hupewa visanduku vikubwa kwenye skrini, rahisi kulenga. Ni ya kasi zaidi, ila inataka kamera ya kufuatilia macho, na jua la barazani huivuruga.

Ningeanza na swichi. Jana nilimwamkia, akaandika "marahaba", herufi nane, nikangoja hadi ya mwisho.