Mkopo wa sacco umepimwa: bei, foleni, wadhamini na mlango wa kutokea

Kinachopimwa hapa ni bidhaa moja tu: uanachama wa sacco (chama cha ushirika cha kuweka akiba na kukopa) ya kawaida ya wafanyakazi nchini Kenya, ile inayokata akiba kwenye mshahara na kukukopesha mara 3 ya akiba yako kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kila sacco ina sheria zake ndogo, na zinatofautiana hapa na pale, ila umbo ni lile lile kutoka Mombasa hadi Busia. Umbo hilo limezaliwa na jambo moja: mwenye duka, anayeweka pesa na anayekopa ni mtu yule yule. Sifa za sacco zinatoka hapo, na kero zake vilevile.

Bei kwanza. Benki ikitaka kupandisha riba, wakubwa hukaa kikao, wateja wakapata ujumbe kwenye simu, basi. Viongozi wa sacco wakitaka kufanya hivyo, itabidi wasimame mbele ya ukumbi uliojaa wakopaji, kila mmoja na kura yake 1, awe na akiba ya elfu 20 au ya milioni 2. Nani atainua mkono? Ndiyo maana ile asilimia 1 haitikisiki. Katikati ya mwaka 2024 hati za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka, na bado sacco nyingi zilikopesha kwa 12. Mwenye benki angeona huo ni wazimu, kumkopesha mwalimu kwa 12 wakati serikali iko tayari kukulipa 16. Kwa sacco ni kawaida, kwa sababu huyo mwalimu ndiye mwenye mali.

Lakini pesa haziongezeki kwa sababu bei ni nzuri. Benki zikiwa ghali, kila mtu hukimbilia sacco, na sanduku lina mwisho. Kwa kuwa bei haipandi, kinachorefuka ni foleni. Fomu inapokelewa, inapigwa mhuri, inakaa. Mkopo wa dharura hupita mbele, mara nyingi ndani ya siku chache. Mkopo wa maendeleo husubiri kamati ya mikopo, ambayo ina siku yake ya kukaa na tarehe ya mwisho ya kupokea fomu. Ukichelewa kwa siku moja, umehamia mwezi unaofuata. Kabla ya kujiunga, usiulize tu riba ni ngapi. Uliza mkopo wa maendeleo ulioombwa Januari, wakati wa karo, uliingia kwenye akaunti tarehe ngapi. Jibu la swali hilo litakuambia hali ya sanduku kuliko kalenda ya ukutani yenye picha ya mwenyekiti.

Sasa tupige hesabu. Una akiba ya shilingi 100,000, unakopa 300,000 kwa miezi 36. Kwa riba ya salio linalopungua, kila mwezi unalipa 8,333 za mkopo wenyewe na asilimia 1 ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 3,000, jumla 11,333. Mwezi wa mwisho riba ni shilingi 83 tu. Riba yote kwa miaka 3 inafika 55,500. Mkopo huo huo ukihesabiwa kwa riba isiyopungua, unalipa 3,000 kila mwezi hadi mwisho, na riba inafika 108,000, karibu mara mbili. Tatizo ni kwamba makato ya mwezi wa kwanza yanafanana kabisa, 11,333 huku na 11,333 kule, kwa hiyo fomu haisemi kitu. Mwezi wa pili ndio unaofichua: iwapo makato yameshuka hadi 11,250, riba yako inapungua. Yakibaki 11,333, hesabu ni ile nyingine. (Kuna sacco zinazosawazisha makato ya salio linalopungua ili yawe sawa kila mwezi, hapo makato yatakuwa kama 9,964, na riba yote itafika karibu 58,700. Hiyo si hila.)

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna bango linaloitaja. Ile 100,000 yako imefungwa muda wote wa mkopo. Baada ya makato 24, deni limebaki 100,000, sawasawa na akiba yako. Kuanzia mwezi wa 25 unakopa pesa zako mwenyewe: unalipa asilimia 12 juu ya deni, na akiba inakuletea labda 8. Kwa kuwa makato ya akiba huendelea kila mwezi, siku hiyo hufika hata kabla ya mwezi wa 24. Huwezi kuchukua akiba ukafute deni, maana hilo kwa kawaida huruhusiwa pale tu unapojitoa. Njia mbili zimebaki: ulipe kwa mkupuo ukiwa na pesa nje, au uongeze mkopo juu ya ule wa zamani. Ukichagua njia ya pili, angalia ada, kwa kuwa sacco nyingi hutoza asilimia fulani ya salio la zamani, na ada hiyo hukatwa kabla pesa hazijakufikia.

Kwenye mshahara kuna ukuta mmoja wa sheria. Makato yote kwa pamoja, kodi na michango ikiwemo, hayapaswi kuzidi theluthi mbili. Theluthi moja lazima ufike nayo nyumbani. Wengi huona akiba inatosha na wadhamini wapo, kisha fomu inarudi kwa sababu mkopo wa gari wa benki ulishakula nafasi hiyo. Piga hesabu hiyo kwanza, itakupunguzia safari.

Wadhamini ndiyo sehemu nzito zaidi ya bidhaa hii. Sacco haidai hati ya shamba, inadai watu. Kati ya ile 300,000, akiba yako inafunika 100,000, na 200,000 zilizobaki zinafunikwa na akiba za wenzako. Mkopaji akiachishwa kazi, makato ya moja kwa moja, ambayo watu huyaita chekofu, yanakauka. Sacco inachukua akiba yake kwanza. Tuseme deni limebaki 220,000: zikitolewa 100,000 zake, wadhamini 4 wanabaki na 120,000, yaani 30,000 kila mmoja, na wanaanza kukatwa. Hawakununua kiti wala bati. Fomu nyingi zina mstari wa kuandika kiasi unachodhamini. Usiuache wazi, na usiweke sahihi kwenye fomu ambayo kiasi cha mkopo hakijajazwa. Ukishadhamini, akiba yako inashikwa kwa kiasi hicho, nawe ukitaka kukopa utaambiwa nafasi imejaa.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye mzunguko: nikudhamini, unidhamini, na sote tuko ofisi moja chini ya mwajiri mmoja. Kampuni ikifungwa, mkopaji na wadhamini wake wanaangukia kwenye shimo moja siku moja. Ndiyo bei ya kumilikiwa na watu wanaojuana. Kujuana kunafanya madeni yalipwe bila dalali wa mahakama, hadi ajali inapowapata wote kwa pamoja. Sacco iliyofungua mlango kwa wanachama wa waajiri wengi na wa biashara ndogo imepunguza hatari hiyo, ila imepoteza sehemu ya kujuana. Kwa maoni yetu, mabadilishano hayo yana faida, mradi kamati ya mikopo imejifunza kumchunguza mtu ambaye hana karatasi ya mshahara.

Ajali nyingine ni ya mwajiri anayekata na asiwasilishe. Karatasi yako ya mshahara inaonyesha 11,333 zimetoka, na kwenye daftari la sacco hakuna kitu. Mwezi wa tatu jina lako linanukia CRB, wanakoorodheshwa wasiolipa madeni, nawe hujawahi kukosa kulipa. Dawa yake inachosha lakini hakuna nyingine: kila mwezi linganisha karatasi ya mshahara na taarifa ya akaunti ya sacco, na tofauti ikitokea andika barua kwa pande zote mbili, si kupiga simu.

Tukija kwenye gawio, matangazo yanacheza na macho. Una mifuko miwili: hisa na akiba. Hisa ni kidogo, akiba ndiyo mali. Sacco ikitangaza asilimia 18, soma tena, mara nyingi hiyo ni ya hisa. Mwenye hisa za 20,000 anapata 3,600. Akiba yake ya 100,000 kwa asilimia 8 inampa 8,000. Jumla ni 11,600 kabla ya kodi ya zuio, chini kidogo ya asilimia 10 ya pesa zote alizoweka. Si haba, lakini si 18. Tena riba ya akiba huhesabiwa kwa miezi ambayo pesa imekaa, kwa hiyo elfu 50 zilizoingia Desemba hazitalipwa kama zilizoingia Januari.

Hapa ndipo umiliki unapouma. Viongozi huchaguliwa, na mkutano mkuu hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, ule wa fulana, soda na pesa ya nauli. Mwenyekiti anayetaka kurudi hawezi kuutangazia ukumbi asilimia 5 wakati sacco jirani imetoa 11. Kishawishi ni kuhesabu kama mapato riba ambayo mkopaji hajalipa, kupunguza pesa zinazotengwa kufunika mikopo mibovu, au kukopa benki ili kulipa gawio. Mwanachama anayepiga makofi anashangilia kuliwa kwa mtaji wake. SASRA, msimamizi aliyewekwa na Sheria ya Sacco ya 2008, aliletwa kuzuia mambo kama hayo. Kwa sacco zinazopokea amana anataka mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10 na asilimia 10 ya mali yote, ukwasi (pesa zinazopatikana haraka) wa asilimia 15, na mikopo ya nje isiyozidi asilimia 25 ya mali. Namba hizo zimo kwenye kijitabu cha mkutano mkuu, kurasa za nyuma ambazo watu hupepea nazo joto. Zisome kabla ya ukurasa wa gawio. Angalia pia kama leseni ni ya mwaka huu.

Sacco kubwa, yenye matawi kaunti nyingi, haikuiti ukumbini. Unachagua mjumbe, naye ndiye anayepiga kura. Hapo ule umiliki wa kura 1 umekuwa mwembamba, na pesa zinaanza kwenda mahali ambapo mwanachama hakuwahi kuota. Kufikia 2015 Mwalimu National, sacco ya walimu, ilikuwa imenunua hisa nyingi za Equatorial Commercial Bank, baadaye ikaitwa Spire. Benki hiyo ilipata hasara mwaka baada ya mwaka, ikaishia kuchukuliwa na Equity mwanzoni mwa 2023. Kisha kuna KUSCCO, chama mwavuli ambako sacco zenyewe ziliweka pesa: ukaguzi maalumu ulionyesha pengo la takriban shilingi bilioni 13.3. Mwalimu wa Kitui au muuguzi wa Kisii hakuwahi kuingia ofisi zao, ila pesa zake zilikuwa huko. Kwa hiyo tafuta kwenye hesabu mstari wa uwekezaji, uone ni kiasi gani kimetoka nje ya mikopo ya wanachama na kimekwenda kwa nani. Ukiona viwanja na majengo yanaongezeka huku foleni ya mikopo inarefuka, una haki ya kuuliza, na swali hilo linaingia kwenye kumbukumbu za mkutano.

Usidhani pia kwamba mali ya ushirika hubaki na tabia ya ushirika ikipanda ghorofani. Co-operative Bank inamilikiwa kwa karibu asilimia 65 na vyama vya ushirika kupitia kampuni yao ya umiliki, na hisa zake ziliingia soko la Nairobi 2008. Huduma zake ni nzuri. Lakini ukifika kaunta yake kukopa unapewa bei ya benki, kwa sababu pale juu kura hufuata wingi wa hisa.

Na usalama? Amana ya benki ina kinga ya KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hadi shilingi 500,000. Mfuko wa kulinda akiba za sacco umetajwa kwenye sheria tangu 2008, kwa kiwango cha 100,000, na miaka yote hii umekaa kwenye karatasi. Pesa ya kodi ya nyumba na ya hospitali isilale sacco.

Anayefaidika zaidi na bidhaa hii ni mwenye mshahara wa uhakika, anayekopa kila miaka 2 au 3 kwa karo, ploti au ujenzi wa hatua kwa hatua, na ambaye anaweza kusubiri. Mfanyabiashara anayehitaji pesa Alhamisi ili anunue mzigo Ijumaa atateseka. Anayeweka tu bila kukopa anapata riba ya wastani kwa hatari ambayo hana kinga nayo. Kwake, hati za Hazina ni mshindani wa kweli.

Kutoka kuna hatua zake. Maliza mkopo wako, au ukubali ufutwe kwa akiba. Tafuta mtu wa kuchukua nafasi yako kwenye kila fomu uliyodhamini. Hiki ndicho kinachochelewesha wengi, kwa hiyo kianze miezi kadhaa mapema. Kisha barua ya kujitoa, na siku 60 za notisi kabla ya kurudishiwa akiba. Hisa hazirudishwi: unamuuzia mwanachama mwingine, na baadhi ya ofisi huweka orodha ya wanaonunua. Barua ipeleke kwa nakala 2, na yako ipigwe mhuri wenye tarehe, kwa kuwa siku 60 huhesabiwa kuanzia hapo.